Maswali Ishirini ya Nchi Yetu

Florence Ikiring hakupenda kufundishwa na mtu yeyote, na kufundishwa na Paddy ndiyo kabisa. Huyu Paddy, Ikiring mwenyewe ndiye aliyemsomesha. Alimpokea darasa la saba hajui hata kushika rula, kamasi imefika mdomoni, akamchapa, akamnyoosha, akamvusha. Leo Paddy ana suruali ya kubana na cheti cha kompyuta kutoka Kampala, na amesimama mbele yake katika chumba cha walimu anamwambia polepole, kama mtu anayesema na kiziwi:

"Madam, bonyeza hapo. Hapana. Hapo. Hapo, madam."

"Naona."

"Kama unaona, mbona hubonyezi?"

Walimu wengine wakainamia vikombe vyao vya chai. Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini Ikiring alikuwa na masikio ya mwalimu, yanayosikia kicheko kabla hakijatoka puani.

Mambo yenyewe yalianza Jumatatu moja. Hedimasta Opendi alikuwa amerudi kutoka semina ya Tororo kichwa kimejaa. Akawakusanya walimu, akasema huko kwenye intaneti kuna vitu vya kufundishia, bure kabisa: video, ramani, maswali yanayojisahihisha yenyewe. Kila mwalimu wa madarasa ya juu ajifunze, na wiki ya tisa kila mmoja afundishe somo moja kwa vitu hivyo mbele ya mkaguzi.

"Na asiyeweza?" aliuliza Ikiring.

Opendi alitazama dirishani. "Asiyeweza atashuka. Darasa la saba atachukua Paddy. Wewe, madam, tutakupa la kwanza. Pale hapana haja ya simu."

"La kwanza."

"Watoto wadogo wanahitaji mama."

"Mimi si mama wa mtu hapa, Opendi. Mimi ni mwalimu."

Miaka ishirini na tatu alikuwa na darasa la saba, somo la jamii: ramani, historia, serikali. Busia nzima, upande wetu huu wa Uganda, hakuna aliyemwita Florence. Walimwita Madam Piseveni, yaani P7, darasa la saba. Askari wa geti la mpakani alipita kwake. Nesi anayempima presha alipita kwake. Wale wanaume wa boda pale konani, wakimwona amebeba mfuko, wanagombana nani ampeleke, kwa sababu kila mmoja aliwahi kupigwa naye na anataka aonekane amekuwa mtu. Mume wake alifia kijijini kwao Nabuyoga, na arobaini haijafika wakwe walikuwa wameshang'oa mabati ya jiko. Alishuka Busia na mabinti wawili na sanduku la vitabu. Mabinti wameolewa, wako mbali, wana maneno yao. Kilichobaki ni darasa la saba. Akilichukua Paddy, Ikiring angebaki mama mzee fulani tu anayepanga chumba nyuma ya soko.

Kwa hiyo alikubali kukaa. Jioni, masomo yakiisha, Paddy alimkalisha kwenye benchi la darasa la sita, magoti yanagonga meza.

Chombo chenyewe si kigumu. Unaingia kwenye tovuti, hulipi kitu, unaandika majina ya watoto wako. Tovuti inakupa karatasi za kuchapisha, kila mtoto na yake, zenye picha nyeusi kama ramani ya nyumba iliyochorwa na mlevi. Kila upande wa karatasi una herufi: A, B, C, D. Unauliza swali. Mtoto anainua karatasi, herufi ya jibu lake ikiwa juu. Wewe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa, na simu inasoma nani amejibu nini. Ukiiunganisha na televisheni, majina yanatokea: kijani amepata, nyekundu amekosa. Mtoto hahitaji simu wala kompyuta, ni karatasi tu. Ikiring alipokiona mara ya kwanza alikipenda, na akakasirika kwamba amekipenda.

Lakini Paddy hakujua kufundisha. Alijua kujua tu. Alimnyang'anya simu mkononi, kidole kikaruka mara tano, akamrudishia.

"Umeona?"

Alichokuwa ameona ni kidole.

"Rudia."

"Madam, mara ya nne hii."

"Wewe nilikurudia vipimo vya ramani muhula mzima."

"Na fimbo juu."

"Na fimbo juu. Na ukapata."

"Nilipata kwa sababu nilikuwa mtoto. Kichwa cha mtoto ni laini." Paddy akagonga meza kwa kucha, ko, ko. "Kikikauka, kimekauka."

Nyuma yake, ukutani, alikuwa amebandika matokeo ya darasa lake la sita: Nchi Yetu, wiki ya kwanza mpaka ya saba, kijani kutoka juu mpaka chini kama shamba la chai. Paddy ni mtu wa hesabu na sayansi. Hili la jamii alipewa kujaziliza, na hakulitaka. Alilisukumia simu.

"Mimi historia sifundishi tena," alisema, akiona Ikiring anaangalia ukuta. "Inajifundisha."

Ikiring akasimama, akapangusa sketi.

"Usinifundishe tena."

"Hedimasta atauliza."

"Mwambie nimekufukuza."

Pale sokoni kuna mwanamke anaitwa Truphena. Huvuka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani, na mdomo wake unatangulia gunia. Wamejuana na Ikiring miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo wamekuwa wakitukanana. Kwake ndiko Ikiring alikokwenda kujifunza, asubuhi kabla ya kengele ya shule, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani kwenye ncha ya pua, anaangalia video za bure za jinsi ya kutumia kile chombo. Video ina uzuri mmoja: ukiirudisha mara kumi haikuulizi umri wako.

"Weka laini yangu," Truphena alimwambia siku ya kwanza. "Yenu hapa inakohoa."

Ni kweli, pale sokoni mnara wa simu wa Kenya ndio una nguvu. Huku kwetu simu haijui mpaka. Umekaa nyumbani kwako Uganda unamenya muhogo, inalia: Karibu Kenya. Umevuka kufuata sukari, hujafika hata dukani, inakwambia: Karibu Uganda. Mtu anabonyeza Ndiyo ili inyamaze, kama anavyofukuza inzi. Hakuna anayesoma. Basi tovuti ilipomuuliza Ikiring kama shule yake iko Kenya, alibonyeza Ndiyo, akaendelea mbele.

Wiki mbili alimfanya Truphena mwanafunzi.

"Inua karatasi, wewe."

"Nauza, madam."

"Inua. Swali: ziwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki."

"Lenye omena."

"Upande wa jibu uwe juu!"

"Sasa majibu yote manne yana maji, mimi nitajuaje unataka gani?" Truphena aliinua karatasi ovyo, mkono mwingine unampimia mteja. Simu ikamsoma. "Imesema nini?"

"Nyekundu."

"Mimi? Nyekundu? Mimi nimezaliwa juu ya hilo ziwa! Ambia hiyo simu yako ije tuoge pamoja!"

Soko likacheka. Wenye nyanya wakaanza kupita wakisema Madam Piseveni sasa anafundisha samaki. Ikiring hakugeuka. Aliandika majina sitini na moja ya darasa lake kwa kidole kimoja, akikosea anafuta, akifuta sana anaapa kwa Kiteso. Mtu akimwambia "pole", alimwuliza, "Pole ya nini, nimeanguka?" Mpaka ikafika siku alipitisha simu juu ya kibanda, karatasi nne mikononi mwa wanawake wanne wa soko, na majina yote manne yakatokea. Alijikohoza. Akasema, "Mh." Siku nzima hakusema zaidi ya hapo.

Kilichobaki ni maswali. Kuandika swali moja kwa kidole kulimchukua muda ambao Truphena anauzia debe. Tovuti ilikuwa na yaliyo tayari: Nchi Yetu, maswali ishirini, madarasa ya juu. Alifungua, akasoma matano ya kwanza. Dira, ramani, ikweta, ziwa, misimu ya mvua. Mazuri. Angeyatunga hivyohivyo yeye mwenyewe.

"Ameandika nani?" aliuliza Truphena.

"Watu wa tovuti."

"Unawajua?"

"Yako sawa."

Hiyo ilikuwa Alhamisi, na mkaguzi anakuja Ijumaa. Miaka ishirini na tatu Ikiring hakuwahi kuingia darasani na swali ambalo hakuliandika kwa mkono wake. Ijumaa hiyo aliingia nalo.

Televisheni ilibebwa kutoka ofisi ya Opendi, ikawekwa juu ya dawati. Mkaguzi, Bwana Oguttu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alikaa nyuma na daftari lake. Opendi alikaa kando yake. Paddy alisimama mlangoni, mikono kifuani. Darasa lake la sita alikuwa ameliacha linajisomea upande wa pili wa ukuta, na ukuta huo haufiki bati. Ukipiga chafya la saba, la sita wanakuombea.

Ikiring alipitisha simu. Swali la kwanza, kijani. La pili, kijani na nyekundu mbili, akawaeleza wale wawili walipokosea, akaendelea. La tatu, la nne, la tano. Watoto wanainua karatasi kama watu waliozaliwa nazo. Opendi alianza kutikisa kichwa juu chini. Bwana Oguttu anaandika. Paddy alishusha mikono kutoka kifuani, na Ikiring akaliona hilo, na likamwingia tamu kama asali.

Swali la sita akalisoma kwa sauti kubwa. "Nchi yetu ilipata uhuru mwaka gani? A, sitini na moja. B, sitini na mbili. C, sitini na tatu. D, sitini na nne."

Karatasi sitini na moja zikapanda, B juu. Hata Bridgit, ambaye huvuka kila asubuhi kutoka Kenya akiwa na sare yake, aliinua B, kwa sababu anajua amekaa shule ya nani. Ikiring akapitisha simu.

Televisheni ikawa nyekundu. Yote. Jina la kwanza mpaka la mwisho, na chini yake jibu: C.

"Madam!" walipiga kelele. "Madam, tumepata!"

"Madam, televisheni inatuibia!"

"Nyamazeni. Inueni tena." Akapitisha tena, polepole. Nyekundu tena. Jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa.

Bridgit aliinua mkono. "Madam, hiyo ni ya kwetu. Sitini na tatu ni ya kwetu, ng'ambo."

"Madam," Opendi alisema, "kuna nini?"

Aliyemjibu alikuwa Paddy, kutoka mlangoni, kwa sauti ya kupendeza. "Si kitu, hedimasta. Tovuti huuliza uko nchi gani. Madam amebonyeza Kenya. Mtu husoma kwanza, halafu anabonyeza. Hayo ndiyo nilikuwa namwambia." Akamgeukia mkaguzi. "Maswali hayohayo, bwana, mimi darasa langu la sita tumeyamaliza zamani. Kijani tupu. Yako ukutani, unaweza kuyaona."

La sita, waliokuwa kimya wanasikiliza, waliposikia mwalimu wao anawasifu, walishindwa kujizuia. Juu ya ukuta ikaja sauti ya watoto hamsini kwa pamoja:

"Sitini na tatu! Madam, ni sitini na tatu!"

Kalamu ya Bwana Oguttu ikasimama hewani. Paddy bado alikuwa anatabasamu, maana habari haikuwa imemfikia. Ikiring ilimfikia kwanza. Aliacha simu mezani, akatembea mpaka ukutani, akainua uso.

"La sita!"

"Yes, madam!"

"Nchi yetu ina kaunti ngapi?"

"Arobaini na saba!"

Opendi akashika kichwa. Darasa la saba likaanza kucheka.

"Mlima mrefu wa nchi yetu?"

"Mlima Kenya!"

"Mto mrefu?"

"Tana!"

Hapo alikuwa ameshamaliza kazi. Mkaguzi ameelewa, Opendi ameelewa, Paddy amekuwa rangi ya majivu. Mtu mwingine angeacha. Ikiring hakuacha. Alirudi mezani akaangalia swali linalofuata, akarudi ukutani.

"Mji mkuu wa nchi yetu?"

"Nairobi," walisema, lakini sauti zilikuwa zimepungua. La saba walikuwa wanapiga madawati, wanalia kwa kicheko, na la sita walianza kujua kwamba kicheko ni chao.

"Sikusikia!"

"Nairobi," walisema wachache.

"Inatosha, madam," alisema Paddy.

"Maswali bado kumi. Bendera ya nchi yetu ina rangi ngapi?"

Bendera yenyewe ilikuwa inapepea nje ya dirisha la la sita, nyeusi, manjano, nyekundu. Aliyejibu ni mtoto mmoja peke yake, sauti nyembamba. "Nne." Halafu sauti hiyohiyo ikaanza kulia.

"Inatosha," alisema Bwana Oguttu.

Ofisini hawakukaa sana. Bwana Oguttu alifuta miwani yake muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Alisema ameona mambo mengi katika kazi yake, lakini darasa zima kuhamishwa nchi bila kutoka kwenye benchi, hilo hakuwa ameliona.

"Madam Ikiring chombo anakijua," alimwambia Opendi. "Sioni kwa nini umwondoe la saba."

Ikiring akanyoosha mgongo.

"Usinyooke sana, madam. Na wewe uliingia na maswali ambayo hukuyasoma. Kilichokuokoa ni ukuta."

Opendi alitafuta mahali pa kutupa aibu yake, akapapata. Alisema Madam atabaki la saba, sawa, lakini somo la jamii la la sita litatengenezwa na yeye huyohuyo, kila siku mchana, mpaka muhula uishe.

"Aliyeharibu atengeneze," alisema Ikiring.

"Aliyeharibu ameharibu wiki tisa bila kujua. Umeyafichua wewe, uyarekebishe wewe. Au rudi tuzungumze tena habari ya darasa la kwanza."

Nje, kwenye baraza, Paddy alikuwa anamsubiri. Hakumwita madam.

"Umenipiga kwa watoto wangu."

"Nimekupiga kwa ulichowafundisha."

"Levis amejifungia chooni. Yule aliyejibu peke yake. Wenzake wanamwita Mkenya, hataki kutoka." Paddy alimtazama kama alivyowahi kumtazama zamani akiwa amenyoosha kiganja akisubiri fimbo. "Swali la kwanza nilistahili. Hata la pili. Hayo mengine yalikuwa ya nani?"

Ikiring akampita, akaenda zake.

Jumatatu mchana aliingia la sita. Huku kwetu mwalimu akiingia darasa zima linasimama na kumsalimu kwa wimbo, hata mwalimu mbaya, hata mlevi. Hakuna aliyesimama. Watoto hamsini walimwangalia wamekaa. Ukuta ulikuwa na alama nne za gundi mahali palipokuwa na ile karatasi ya kijani.

"Nchi yetu ilipata uhuru mwaka gani?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Mmekufa?" Akapitisha macho benchi kwa benchi.

"Levis."

Mtoto mdogo, masikio makubwa, akasimama nusu. "Sitini na mbili."

"Na Ijumaa ilikuwa ngapi?"

Levis aliangalia dawati. "Tulikuwa tunajua, madam. Wote tunajua. Mwanzoni tulijibu sitini na mbili, tukapata nyekundu. Tukamwambia mwalimu. Akasema simu haikosei. Basi tukaipa inachotaka."

"Hata Nairobi?"

"Ilikuwa inataka Nairobi."

Msichana aliyekaa nyuma yake akasema, bila kuinua mkono, "Na wewe ukafanya tuchekwe."

"Mimi sikucheka."

"La saba walicheka. Ulikuwa unauliza ili wacheke."

Mkono wa Ikiring uliinuka wenyewe, kama ulivyozoea, ukabaki hewani, hauna pa kwenda. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo, na ubaya wake ni kwamba hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Kuomba msamaha hakujui. Mumewe aliishi naye miaka kumi na sita akafa hajausikia. Akavuta pumzi, akatoa simu, akaiinua wote waione.

"Haya maswali ishirini nayafuta." Akabonyeza. Tovuti ikauliza kama ana hakika. Safari hii alisoma kila neno kwa sauti, mpaka mwisho, halafu akabonyeza Ndiyo. "Yamekwisha. Sasa mtaandika ninyi. Kila mtu swali moja, la Uganda, na majibu manne, moja tu ndilo la kweli. Jumatano mtaniuliza, na mimi nitashika karatasi kama mwanafunzi."

"Kwa nini?" aliuliza yule msichana.

"Ili mnikoseshe. Si mnataka? Televisheni ataileta hedimasta. La saba wote watakuwa hapo ukutani wanasikiliza."

Kitu kilipita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mtama. Vichwa vikasogeleana. Kabati la vitabu, ambalo Paddy hakuwa amelifungua tangu muhula uanze, lilifunguliwa likaachwa wazi. Jioni hiyo watoto wa la sita walionekana Busia nzima wanawasumbua wazee: askari wa forodha, katekista, bibi anayeuza kuni. Mmoja alikwenda mpaka Kiyeyi kwa babu yake kwa ajili ya swali moja, akapigwa alipochelewa kurudi, na hakutaja sababu.

Maswali hayakuweza kupita mkononi mwa Ikiring, angeyaona majibu. Kwa hiyo yalikwenda kwa Paddy, na Paddy akayaandika kwenye simu yake yote hamsini. Mara ya kwanza tangu aanze kazi alisoma kila neno, akawarudishia waliokosea watengeneze, akawatuma wengine wakatafute gumu zaidi. Opendi alimkuta anafanya hivyo akamsifu kwa moyo wa kusaidia.

"Moyo gani?" alisema Paddy. "Nataka akose."

Jumatano Ikiring alikaa benchi la mbele, magoti yanagonga meza, karatasi yake mkononi. Mbele yake Paddy na simu. Nyuma yake watoto hamsini, na juu ya ukuta macho ya la saba, wamepanda madawati. Katika televisheni kulikuwa na jina moja tu: Florence Ikiring.

Swali la kwanza, kijani. La pili, kijani. La saba wakapiga makofi, la sita wakazomea. La tatu la reli ya Tororo, kijani. La nne, kijani, na yule msichana aliyelitunga akatupa kalamu chini. Ikiring hakutabasamu. Alikuwa akigeuza karatasi upande wake bila haraka, na kila alipopata alisema, "Endelea," kwa ile sauti yake inayokausha mate. Walipofika la kumi na moja bado hajakosa, na la sita walikuwa wameanza kunyong'onyea.

"La Levis," alisema Paddy.

Levis alisimama akalisoma mwenyewe. "Uganda ilipata uhuru tarehe tisa, mwezi wa kumi, sitini na mbili. Ilikuwa siku gani ya wiki? A, Jumatatu. B, Jumanne. C, Jumatano. D, Jumapili."

Tarehe hiyo Ikiring ameiandika ubaoni kila mwaka, miaka ishirini na tatu. Ameichapia watoto. Siku yake hakuwahi kujiuliza. Aligeuza karatasi mara moja, akaigeuza tena. Akainua C.

Nyekundu.

Kelele iliyotoka humo ilisikika mpaka sokoni. Watoto walipanda mabenchi. Yule msichana alikuwa anaruka, anapiga kifua. Upande wa la saba kimya, kama wamefiwa.

"Si kweli," alisema Ikiring. "Nani amekwambia?"

"Bibi yangu. Alikuwa anakwenda soko la Jumanne. Akakuta watu wanacheza, hakuuza kitu."

"Bibi si kitabu."

"Ngoja," alisema Paddy. Akafungua kalenda ya bure kwenye intaneti, akarudi nyuma mwaka kwa mwaka, akamwekea simu chini ya pua. Safari hii hakumnyang'anya. Alisubiri. Ikiring akashusha miwani, akasoma mwezi, akasoma mwaka, akahesabu viboksi kwa kidole chake kimoja.

"Jumanne," alisema.

"Umekosa, madam," alisema Levis. Hakusema kwa upole.

"Nimekosa."

Aliligeukia darasa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwangalia kwa upendo, na yeye hakuutafuta. Walikuwa wamesimama juu ya mabenchi wanamsubiri kama mbwa wa jirani anavyowasubiri wao, na mikono ilikuwa juu, mingi, kila mmoja na swali lake.

"Levis, kaa chini. Na ninyi shukeni, mtavunja mbao." Akanyoosha karatasi yake juu ya goti. "Haya. Leteni lingine."